Aliyepita Nyuma ya Stoo

Kiingereza kina maneno mengi kwa mtu anayetembea bila kutaka kuonekana, na karibu yote yananuka kituo cha polisi. Shuleni niliyakariri kama tunavyokariri maneno yoyote ya wageni, bila kumdhuru mtu. Siku yalipowekwa mezani kwangu, yakiwa yamemkalia mwanamke mmoja mfua shuka, ndipo nilipoyachukia. Chuki hiyo sijaiacha, wala sina nia ya kuiacha.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kuba, nilikopelekwa na serikali kusoma, na Kihispania changu ndicho kilichonipatia kazi. Kituo cha afya kilikuwa kusini mwa mji, ukishapita Nyegezi, pale mawe makubwa yanapoteremka hadi majini kama ng'ombe wanaokwenda kunywa. Daktari mkuu alikuwa Mkuba, mtu mrefu mwenye sigara isiyowashwa mdomoni. Alijua Kiswahili cha "pole" na "vuta pumzi," na Kiingereza chake kilitosha kuombea maji tu. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake na masikio yake. Wauguzi walinitania kwa asili yangu ya Bukoba.

"Nyie Wahaya," walisema, "Kiingereza hakikuwatosha mpaka mkakifuata na cha Wakuba?"

Nilicheka nao. Kicheko kilikuwa rahisi wakati ule.

Katibu wa kituo naye aliwahi kwenda kozi Uingereza, na tangu arudi hakurudi kweli. Redio ilituambia kila asubuhi kwamba Kiswahili ndicho heshima yetu. Katibu aliisikiliza redio hiyo hadi mwisho wa taarifa, akaizima, kisha akaandika faili zake kwa Kiingereza. Kwenye mikutano alituita ndugu. Ndani ya faili hatukuwa ndugu wa mtu yeyote.

Asubuhi moja alikuja na karatasi, akaiweka juu ya kamusi yangu.

"Binti, itafsiri hii. Daktari aisaini kwenye kikao."

"Kikao cha nini, Ndugu Katibu?"

"Cha mwizi."

Kikao kilikuwa hakijafanyika, lakini hukumu ilikuwa tayari imevaa viatu.

Niliisoma. Sabuni za mche zilikuwa zinapungua stoo. Msomaji aliyeishi miaka ile hahitaji kuelezwa sabuni ilikuwa nini. Watu walipanga foleni mbele ya duka la ushirika kabla ya jua, na wengine waliondoka mikono mitupu, wakarudia majivu ya migomba ya kufulia. Mtu wa kuiba sabuni ya wagonjwa alikuwa mtu mbaya. Katibu alikuwa amempata huyo mtu mbaya: mama mmoja Msukuma, mjane, aliyefua shuka za kituo kile tangu kilipokuwa banda la nyasi. Daktari akisaini, mama angefukuzwa kazi, na sababu ingesomwa mbele ya mkutano wa kijiji chake, ili wote wajue. Kazi ile ndiyo iliyomlisha. Na jina la mwizi likisomwa kijijini, halifuliki kwa sabuni yoyote.

Ushahidi wote ulikuwa namna yake ya kutembea. Katibu aliandika kwamba alionekana aki-"sneak," akinyatia nyuma ya stoo asubuhi. Kwamba ali-"prowl," akarandaranda kando ya tangi la maji. Kwamba mchana ali-"lurk," akavizia ukutani hadi mtunza stoo alipopita. Maneno matatu, kama mbwa watatu waliofunguliwa kwa mwanamke mmoja mwenye ndoo.

Nilifungua kamusi nikaanza kazi, maana nilikuwa bado naamini kwamba kutafsiri ni kubeba mzigo wa mtu bila kuufungua. Kwa neno la kwanza kamusi ilinipa "a hurtadillas." Ni neno zuri mdomoni, linateleza kama maji juu ya changarawe. Lakini ndani yake amekaa "hurto," yaani wizi. Nikiliandika, nitakuwa nimemhukumu kabla hajainua mguu. Kwa neno la pili ilinipa "merodear," tabia ya askari waliotoka kwenye mstari kwenda kupora mashamba ya watu. Kwa la tatu, "acechar," kama chui anavyofanya kwenye majani.

Nilitafuta neno lisilo na meno. Kulikuwa na "de puntillas," kwa ncha za vidole. Bibi mwenye nyumba niliyokaa Havana alitembea hivyo alfajiri, kikombe cha kahawa mkono mmoja na viatu mkono mwingine, akipita kitanda cha mjukuu wake aliyelala. Ukimwona ungesema nini? Alikuwa anajificha, ndiyo. Alijificha ili mtoto asiamke. Mbona hakuna katibu aliyemwandikia faili?

Nilitazama tena yale maneno ya Katibu, na hasira ikaanza kunipanda taratibu. Yote yalikuwa maneno ya watu wanaokwenda kwa miguu. Hakuna hata moja la mtu mwenye gari.

Nikafunga kamusi, nikaenda getini kwa mlinzi, kwa sababu karatasi ilisema yeye ndiye shahidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetoka kwenye vitabu? Jua halitakubabua?"

"Mzee, wewe ndiye uliyemwona yule mama nyuma ya stoo?"

"Nimemwona. Kila mtu anamwona. Hata wewe ungemwona kama ungeinua kichwa."

"Ulimwambia Katibu nini?"

"Nilimwambia anapita nyuma."

"Basi?"

"Basi. Akaniuliza, anapita nyuma kwa kujificha? Nikasema, ndiyo, anajificha. Akaandika, akaandika, akageuza karatasi. Mimi nikajiuliza, haya maneno yangu mawili yamezaa lini?"

"Hukumwambia anajificha nani?"

Mlinzi alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni anayeuliza ziwa liko wapi.

"Mtunza stoo si mkwewe?"

Ndipo nikaelezwa jambo ambalo wafuaji, wapishi na wauguzi wote walilijua, nami niliyelipwa kwa kuelewa sikulijua. Mtunza stoo yule alihamishiwa kwetu baada ya mvua za masika. Alikuwa amemuoa binti wa yule mama. Na kwao mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mama huingia majani, mkwe hugeuka. Hawatajani majina, hawali mahali pamoja, hawapeani mikono. Wala si uadui. Ni heshima nzito mno, salamu haiwezi kuibeba. Sasa mlango wa stoo ulitazama njia ya kwenda kwenye mawe ya kufulia. Mama angefanya nini? Alizunguka nyuma. Akisikia hatua za mkwewe, alijibanza kwenye tangi, akavuta kanga usoni, akasubiri apite. Alifanya hivyo kila siku, na ndoo imejaa shuka za wagonjwa.

"Katibu mlimwambia haya?" niliuliza.

"Tulimwambia! Muuguzi wa zamu alimwambia, mimi nikamwambia. Akasema mila za porini haziingii ofisi ya serikali. Akanipa wino, nikaweka kidole."

Kwa hiyo alijua. Ningeweza kumsamehe mtu ambaye hakujua. Mimi mwenyewe sikujua hadi dakika ile. Lakini Katibu aliambiwa sababu, akaipima, akaona haina Kiingereza, akaitupa. Kisha akachagua maneno matatu kutoka lugha ambayo mama yule hangeweza kuyasikia wala kuyajibu, ili yaende kwa daktari kupitia mdomo wangu. Alitaka mdomo wangu. Hilo ndilo lililonichoma nikirudi ofisini: kwamba alikuwa amenihesabu mimi kama bomba tu, la kupitishia maji machafu.

Nikamrudishia karatasi yake.

"Sitaandika hivi, Ndugu Katibu."

"Kazi yako si kuandika. Kazi yako ni kutafsiri."

"Ndiyo maana."

Alinitazama juu ya miwani. Hakupaza sauti, watu kama yeye hawapazi sauti kwa watu kama mimi.

"Basi utatafsiri kwa mdomo, mbele ya kikao. Nami nitakuwa nakusikiliza."

"Lakini hujui Kihispania."

"Najua urefu wa sentensi," alisema.

Kikao kilifanyika kesho yake, chumba cha kupokelea wagonjwa. Kulikuwa na meza, benchi, mlango uliotazama uani, na mkabala wake dirisha pana lililotazama ziwa. Daktari alikaa mezani na Katibu. Muuguzi wa zamu alisimama pembeni. Kwenye benchi alikaa mtunza stoo, jitu la mtu, mikono magotini, jasho likimtoka kana kwamba yeye ndiye mshitakiwa. Ufunguo wa stoo ulining'inia shingoni mwake kwa uzi.

Mama hakuwamo. Tulimsikia akikohoa nje. Alikuwa amesimama kando ya mlango, mgongo ukutani, kanga kichwani, mahali ambapo mtu aliyeketi kwenye benchi hangeweza kumwona.

"Mama, ingia," Katibu alisema.

"Nipo hapa, Ndugu Katibu. Niulize, nitajibu."

"Nimesema ingia!"

"Nasikia vizuri nikiwa hapa."

Mtunza stoo akanyanyuka nusu. "Ndugu Katibu, naomba mimi nitoke kwanza, halafu yeye..."

"Wewe ni shahidi. Kaa!"

Akakaa. Katibu akamgeukia daktari, akaachia tabasamu la mtu aliyeletewa ushahidi hadi mezani, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hata sasa hivi, mbele ya kikao, mwanamke huyu ana-"lurk." Kisha akaninyooshea kalamu. "Tafsiri."

Nilimwambia daktari kwa Kihispania kwamba mwanamke aliye nje ni mama wa mke wa huyu bwana aliyeketi hapa. Kwamba kwa desturi yao anamheshimu kwa kutomwonyesha uso wake, naye anamheshimu vivyo hivyo. Kwamba ndiyo sababu hupita nyuma ya stoo. Na namna anavyopita nikaipa neno nililokesha nalo moyoni tangu jana yake: "con recato." Ni kujizuia kwa staha, ni haya ya mtu mzima. Nyumba ya bibi yule wa Havana ilikuwa na neno hilo, na wala halikuwa na pingu.

Katibu aliinua mkono.

"Nimesema neno moja. Wewe umesoma risala."

"Kihispania ni kirefu, Ndugu Katibu."

Muuguzi aligeukia ukutani, mabega yakimcheza.

Daktari alitoa sigara mdomoni. Aliuliza swali ambalo Katibu hakuliandika popote: sabuni hutokaje stoo? Nikamuuliza mtunza stoo.

"Hutoka kwa mkono wangu," alisema, macho sakafuni. "Ufunguo ni huu, silali bila huu. Huyo mama hajawahi kufika mlangoni pangu. Hata sabuni ya kufulia humtuma mwenzake aje kuichukua. Sasa mtu asiyeweza kufika mlangoni pangu, ataiba nini pangu?"

Nilitafsiri neno kwa neno, na Katibu akapima urefu, akaona uko sawa.

"Haya ni maigizo!" alisema, na sasa alipaza sauti. Alirusha maneno juu ya meza hadi nje ya mlango. "Mama! Taifa hili halina mkwe wala mkwewe, lina wafanyakazi! Ingia sasa hivi mpeane mikono na ndugu yako hapa mbele yetu, mambo yaishe. Usipoingia, kazi huna!"

Kisha kivuli chake kikajongea kwenye kizingiti. Sikupata kuona kivuli kizito namna ile.

Mtunza stoo alisimama. Alitazama mlango, akamtazama Katibu, kisha jitu lile la mtu likapanda dirisha. Benchi likapinduka. Suruali ikashika kwenye komeo, ikachanika kwa sauti ya ngoma inayopasuka. Tukasikia mguu wake ukipiga jiwe, korongo waliokuwa wakiota jua wakaruka kwa kishindo, naye akapotea kati ya mawe ya ziwa. Mama aliingia. Alisimama katikati ya chumba, kanga imerudi mabegani, uso wazi.

"Haya," alisema. "Nimeingia."

Hakuna aliyekuwa na swali.

Daktari ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akajifuta macho. Aliniambia kwamba kwao pia wanaume huwakimbia mama wakwe, ila hutumia mlango. Akaisukuma karatasi ya Katibu upande wa pili wa meza bila kuisaini, akasema hakuna kesi hapa. Nilipaswa kufurahi. Lakini hata yeye nilimkasirikia, mtu mwema yule, kwa sababu alichokicheka hakikuwa kichekesho. Mwanamume mzima, mtumishi, alijirusha juu ya mawe ili mwanamke mmoja asivuliwe heshima hadharani, na sisi tuliosoma tulikuwa tumeketi. Sikuitafsiri ile mizaha.

"Amesemaje dakitali?" mama aliniuliza.

"Amesema huna kosa, mayu," nilisema, nikimwita mama kwa lugha yake.

"Hilo nalijua. Kazi je?"

"Kazi ipo."

Akaelekeza kidevu dirishani. "Na yeye?"

Hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Katibu ndiye aliyetoa jibu, siku ileile, na mara hii kwa Kiswahili safi chenye mhuri. Kuanzia Jumatatu kila mfanyakazi angechukua sabuni yake mwenyewe kwenye mlango wa stoo, kwa mkono wake, kwa mtunza stoo. Kutumana ni marufuku. Nidhamu ya kazi. Aliubandika waraka ukutani na kunitazama. Alikuwa amegundua kwamba hahitaji tafsiri yangu. Palipokuwa na neno la kumchoma mama yule, sasa aliweka kanuni, na kanuni haina kamusi.

Wafuaji waliusoma, aliyejua kusoma akiwasomea wenzake. Mmoja alisema, "Huyu Katibu yeye alioa au aliokota?" Hawakucheka.

Jumatatu ilipofika, alfajiri, mtunza stoo alimkabidhi muuguzi wa zamu ule ufunguo na uzi wake. Alisema tu kwamba mfuaji ana miaka mingi hapa, na kwamba yeye mwenyewe bado ana mgongo wa kubebea mizigo. Akaenda Nyakato, kwenye kiwanda, kubeba magunia ya mbegu za pamba. Mkewe akamfuata na mabegi yao. Hakumuaga mama mkwe, kwa sababu hawezi kumuaga. Lakini asubuhi hiyo, nilipokuja kazini, nilikuta ndoo zote za wafuaji zimejazwa maji na kupangwa nyuma ya stoo, kwenye ile njia yake.

Baada ya siku chache Katibu alileta karatasi nyingine. Daktari alitakiwa kujua kwa nini kituo hakina mtunza stoo. Sentensi moja, na ndani yake neno "abscond," ambalo Waingereza humpa mtu aliyetoroka akiwa na jambo linalomfuata. Kihispania kilikuwa na lake, tayari, limenyooshwa kama sare ya gereza: "se fugó." Nililitazama. Sikulipa nafasi. Nikaandika "se fue," ameondoka, basi.

Katibu aliichukua akaipima kwa macho.

"Mbona fupi?"

"Ndivyo alivyoondoka."

Daktari aliisaini bila kuuliza.

Sabuni iliendelea kupungua. Alikuja mtunza stoo mwingine, mtu wa mbali asiye mkwe wa yeyote, na mama akawa anapita katikati ya ua kichwa juu, hana wa kumficha uso, na sabuni ikapungua vilevile. Ilikuwa ikitoka mchana kweupe, katoni nzima, ndani ya landrova ya kituo, Katibu akiwa kiti cha mbele na ufunguo wa pili wa stoo mfukoni, na dereva akipiga honi ili mlinzi afungue geti upesi. Mlinzi alifungua. Alipiga na saluti. Nilirudi kwenye kamusi yangu nikatafuta, kwa Kiingereza na kwa Kihispania, kitenzi cha mtu anayepita hivyo. Hakipo. Nilichokikuta katika lugha zote mbili ni "kupita," kitupu, kisicho na doa. Nikaitupa kamusi ukutani, jalada likang'oka. Ninayo hadi leo, na jalada sijalishona.

Jioni moja nilimkuta mama kwenye mawe, anakunja shuka zilizokauka. Upepo wa ziwa ulikuwa ukizijaza na kuziachia.

"Shikamoo mayu."

Hakuitikia mara moja. Alikunja shuka ile hadi mwisho, akaiweka juu ya nyingine, akalaza kiganja chake juu yake.

"Walisema uliandika habari za mwanangu," alisema. Jina hakulitaja. "Umemwandikaje?"

"Nimeandika ameondoka."

"Hukuandika ametoroka?"

"Hapana."

Akashika shuka nyingine, akanipa ncha mbili nimsaidie kuikunja.

"Marahaba," alisema.